Muulize Fundi: Tununue TV ipi?

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya TV. Sababu naijua: vikoba vinavunjwa, ligi imechangamka, na TV za chogo zilizobaki Tanga zinamalizikia kwenye benchi langu hapa Ngamiani moja baada ya nyingine. Kwa msomaji mgeni, mimi natengeneza TV, siuzi mpya, na hakuna duka linaloniletea soda nikilisifu, ndiyo maana silitaji hata moja. Majina ya walioandika nimeyaondoa. Mitaa nimeiacha, maana kwenye habari ya TV unapokaa ni muhimu kuliko unavyoitwa.

Fundi, habari za kazi. Mimi na baba watoto tumevunja kikoba, tuna laki saba na nusu. Yeye anataka inchi 55 hata kwa kuongezea deni, mimi naona 43 inatosha. Sebule ni futi 10 kwa 12, ina makochi matatu, na watoto hukaa chini kwenye mkeka. Tunatumia king'amuzi cha antena. Tunatazama taarifa ya habari, tamthilia na mpira. Dukani wanatwambia tukichukua isiyo 4K tutajuta. Nani kati yetu yuko sahihi? – Mama wa watoto wanne, Makorora

Mama, uko sahihi wewe, lakini usimkimbizie baba watoto ukurasa huu kabla hujaumaliza, maana na yeye ana lake la kweli.

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kioo peke yake bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo inchi 43 ikishakaa ukutani inachukua upana wa sentimita 95 na kimo cha 53 na kitu. Inchi 55 inachukua upana wa 122 na kimo cha 68. Namba hizo hazimwingii mtu akilini mpaka azione, basi azima futi kamba kwa fundi cherehani, kunja kanga ipate vipimo hivyo, ibandike ukutani pale TV itakapokaa. Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, inatosha vipimo vyote viwili. Kaeni nayo jioni moja, kila mtu mahali pake. Ubishi wenu utaishia hapo, na hamjatumia hata shilingi.

Sasa umbali. Futi 12 ni mita 3.66. Ukiegemea kwenye kochi, kichwa chako kiko kama sentimita 60 kutoka ukutani, na kabati la TV upande wa pili linakula 40 nyingine. Macho yanabaki mita 2.6 hivi kutoka kwenye kioo. Mkiiweka kwa upande wa futi 10 yanabaki mita mbili tu. Watoto wa mkekani wako karibu zaidi, na katuni ikinoga wanakuwa karibu zaidi ya hapo.

Picha ya TV ni vidoti. Full HD ina vidoti 1,920 kwa 1,080, kama milioni mbili. 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Muuzaji akikwambia ni mara nne, hakudanganyi. Ila jicho nalo lina kikomo: kwa umbali wa mita 2.6, jicho lenye afya halitenganishi vidoti vilivyokaribiana chini ya robo tatu ya milimita, na vidoti vya inchi 43 ya Full HD vimepishana nusu milimita. Ukiwa kwenye kochi lako, vidoti hivyo tayari vimeshapotea. Kuongeza vingine mara nne ni kununua kitu usichokiona.

Halafu lipo ambalo dukani halisemwi. King'amuzi chako cha antena hakikuletei 4K. Chaneli nyingi unazozipata kwa antena zinarushwa kwa ubora wa kawaida, mistari 576, ule ule ulioitosha TV ya chogo. TV ya 4K inachukua hiyo mistari 576 na kuitanua mpaka ijaze 2,160. Kioo kikiwa kikubwa, sura ya mtangazaji inalainika, nyasi za uwanjani zinakuwa rangi moja tu ya kijani, na mpira ukipigwa mrefu unayeyuka hewani. Wapo wanaoniletea TV ya wiki mbili wakidai ina ugonjwa. Haiumwi popote, shida ni picha inayoingia.

La kweli la baba watoto ni mpira. Ukubwa una raha yake siku ya Simba na Yanga, hilo silipingi, na kama mtahamia nyumba yenye sebule ya futi 15, nitamuunga mkono. Tena kuanzia inchi 50 kwenda juu, karibu zote zinazouzwa sasa ni 4K utake usitake, kwa hiyo ikija yenyewe kwa bei ile ile ipokee. Ninachokataa ni deni kwa ajili yake.

Hata laki saba na nusu msiimalizie yote kwenye TV. Bakisheni ya gadi, nitaieleza chini, na ya waya mpya wa antena, maana ule wa zamani uliopigwa jua juu ya bati miaka yote hiyo ndio unaofanya picha ikatekatike, na mtailaumu TV.

Mkifika dukani, mwambieni muuzaji aiondoe TV kwenye hali ya picha iliyoandikwa "Vivid" au "Dynamic", aiweke "Standard". TV za dukani zimewashwa kwa mwanga wa mwisho ili zishindane na taa za duka. Nendeni na flashi yenu yenye video mnayoijua rangi zake, hata ya harusi ya binamu, kwa sababu zile video za dukani za samaki na maua zimetengenezwa ili TV yoyote ile ipendeze. Kisha, na hili ni la nyumba yenye mkeka, simama pembeni kabisa mwa TV, halafu chuchumaa. Kuna vioo vya aina ya IPS ambavyo rangi haikimbii ukitazama kwa ubavu, na kuna vya VA ambavyo weusi wake ni mzito na mzuri usiku, lakini aliyekaa pembeni anaona sura zimepauka. Kwenye boksi mara nyingi haiandikwi ni ipi. Ukichuchumaa utaijua. Muuzaji akicheka, mwache acheke, watoto wako ndio watakaokaa chini.

Na msiitundike juu karibu na dari kama picha ya rais ofisini. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Shingo zitawashukuru.

Shikamoo fundi. Nyumba yetu ni ya urithi, kuta za mawe na chokaa, nene sana. Tumenunua TV ya inchi 50 na tunataka kuitundika. Kijana aliyekuja na drili katoboa mara kadhaa, skrubu zinazunguka tu hazishiki. – Mjukuu, Pangani mjini

Marahaba mjukuu. Mwambie huyo kijana aweke drili chini kwanza. Kuta hizo za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyojazwa kwa chokaa na vifusi, si tofali la saruji. Drili ikiwekwa kwenye kugonga, inavunja kilichomo ndani na tundu linapanuka. Plagi ya plastiki inaingia na kutoka kama ilivyoingia.

TV ya inchi 50 si nzito, kilo 10 mpaka 14 hivi bila miguu. Kinachoing'oa ni kule kuvutwa mbele, hasa na ile bano ya mkono unaovutika na kugeuka. Nunua bano bapa inayoganda ukutani. Ukutani funga kwanza mbao mbili za mninga au mvule zilizolala, kila moja ishikwe sehemu nne au tano kwa boliti ndefu za kupanuka, zitobolewe bila kugonga, na pale tu ncha inapokutana na jiwe lenyewe. Kisha bano ifungwe kwenye mbao. Mbao hizo zinasaidia jingine pia: zinaacha nafasi ya hewa nyuma, na ukuta wa chokaa wakati wa masika hunyonya maji mpaka ukiuegemea shati linalowa.

Skrubu za kuingia mgongoni mwa TV zisiwe ndefu kuliko zile zilizokuja nayo au zile zilizotajwa kwenye kijitabu. Nimeshaona kioo kilichotobolewa kwa nyuma na skrubu iliyozidi urefu, na kioo hakina waranti ya namna hiyo.

Kama haya yote yanachosha, iweke juu ya kabati fupi.

Hujambo fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nyumba yangu inatazama bahari. Hii ni TV ya pili inanifia. Mafundi wawili wamefungua na wote wanasema bodi imeliwa na kutu. Nikinunua ya tatu nitakuwa nafuga kutu tu? – Mwalimu, Raskazone

Shikamoo mwalimu. Hawakukudanganya. TV za Raskazone nazitambua kabla sijaona risiti: nikifungua kifuniko cha nyuma nakuta unga wa kijani kwenye miguu ya vipuri na skrubu zimekuwa nyekundu. Za Pongwe na Muheza hazina hayo.

Upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi ikitua kwenye bodi inanyonya unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme pasipotakiwa. Umeme ukiwashwa juu ya hali hiyo, shaba inaliwa kidogo kidogo mpaka njia inakatika au vipuri viwili vinaungana. Ndiyo maana TV inaanza kwa kuzima yenyewe, kisha inawaka ukiipiga kofi, halafu siku moja kofi halisaidii.

Usikate tamaa. Ya tatu iweke kwenye ukuta ambao upepo wa dirishani hauupigi moja kwa moja, hasa upepo wa kusi unapoanza, Aprili kwenda mbele. Nyuma na pembeni acha nafasi ya kiganja kizima ili hewa ipite. Iwashe kila siku, hata saa moja. Joto lake lenyewe linakausha ndani. TV inayokufa haraka pwani ni ile ya chumba cha wageni inayowashwa Idi hadi Idi. Ukisafiri, chomoa, subiri ipoe, ifunike kwa shuka kavu, na ukirudi ifunue na iache nusu siku kabla hujaiwasha. Kitambaa cha kufuma kilichotandazwa juu ya TV ni kizuri, sikatai, ila kiondolewe ikiwaka, kwa sababu ndipo matundu ya hewa yalipo.

Kioo usikifute kwa dawa ya kusafishia madirisha, wala spiriti, wala mafuta ya taa. Kina utando mwembamba wa juu unaochubuka. Kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji safi na kukamuliwa sana kinatosha, TV ikiwa imezimwa.

Na fundi akikutengenezea ya zamani, mwambie aisafishe bodi kwa isopropili, ile spiriti safi ya mafundi, na akimaliza aipake vanishi ya bodi. Ni kazi ndogo, na bahari itahangaika sana kabla ya kuipenya. Mwalimu, kuna na mijusi. Wanapenda joto la ndani ya TV na wadudu wa taa iliyo karibu. Mjusi mmoja akikanyaga upande wa umeme mkubwa, anakufa yeye na inakufa TV. Usiweke TV chini ya taa ya ukutani.

Mgosi, mtaani kwetu umeme unakatika, ukirudi unarudi kwa kishindo. Majirani watatu wameungua TV siku moja. Nikinunua mpya ninunue stabilaiza, gadi, au ile ekstensheni yenye taa nyekundu? – Kijana wa bodaboda, Mikanjuni

Ekstensheni yenye taa nyekundu ni ekstensheni yenye taa nyekundu. Taa inakwambia umeme upo, basi. Hailindi kitu.

Geuza TV usome karatasi ya nyuma. Nyingi za kisasa zimeandikwa 100–240V. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Maana yake umeme ukishuka hadi 160, taa zikawa kama mshumaa na friji ikaguna, TV yako inaendelea tu. Umeme mdogo ni adui wa friji. Adui wa TV ni umeme uliozidi. Kwa hiyo stabilaiza ya bei poa inayogonga tak-tak usiku kucha sioni kazi yake kwenye TV. Iweke kwenye friji kama unayo.

Gadi inafanya kitu kingine. Inapima umeme, ukizidi kiwango inakata, na umeme ukirudi baada ya kukatika haiupitishi papo hapo, inasubiri kwanza utulie. Sekunde zile za mwanzo, mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanapogombania kuwaka, ndizo zenye kishindo unachokisema.

Hao majirani watatu wa siku moja, nakisia kilichowapata. Kwenye nguzo kunapita fezi tatu na nyutro. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba zinajikuta zimeungana fezi kwa fezi, na yule aliyewasha vitu vichache ndiye anayepelekewa umeme unaopanda kuelekea 400. Anayeungua ni aliyekuwa anatazama TV na kuwasha taa moja. Ukiona taa za nyumba zinang'aa kupita kawaida huku za jirani zinafifia, usiulize mtu, zima swichi kuu kisha ndipo uwapigie TANESCO.

Radi ni habari nyingine. Ikinguruma, chomoa umeme na uchomoe waya wa antena pia. Watu wanachomoa umeme wakaacha antena, na radi inaingilia huko huko juu ya bati.

Uliuliza pia, pembeni, kuhusu LUKU. Inchi 43 inakula wati 70 mpaka 100 hivi. Ichukulie 80: saa sita kwa siku ni karibu nusu uniti, mwezi mzima uniti 14 na kitu. Kwa aliye kwenye tarifa ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu moja ya tano ya zote. Mwanga ukiushusha na hizo zinapungua.

Fundi, TV yangu ya inchi 40 sauti ipo, picha hakuna. Nitengeneze au ninunue mpya? – Mama lishe, Mabawa

Usinunue bado. Usiku zima taa, washa TV, umulike kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari, karibu kabisa. Ukiona watu wanatembea kwa kufifia, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma. TV zote hizi zinazoitwa LED zina kioo ambacho chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna vipande virefu vya taa ndogo zilizoungwa mfululizo. Moja ikikata, mstari wake wote unazima, na bodi ikiona hivyo huzizima zote. Vipande vinabadilishwa, na gharama yake haifanani hata kidogo na TV mpya. Mwambie fundi abadilishe vyote, si kile kimoja, vinginevyo mtaonana tena karibuni.

Ikitoka kwa fundi, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta "Backlight", ishushe kutoka 100 hadi 50 au 60. Usiku hutaona tofauti, na taa zitaishi muda mrefu zaidi. Wewe mwenye mpya ukisoma hapa, fanya hivyo leo hii.

Kioo kikipasuka, hapo ndipo naungana na wauzaji: nunua mpya. Kioo peke yake bei yake inakaribia ya TV nzima.

Kuna LED, QLED na OLED. Nataka ya saluni yangu, inawaka asubuhi hadi usiku kwenye chaneli ya habari. – Kinyozi, Ngamiani

LED nimeieleza hapo juu. QLED ni hiyo hiyo, kioo na taa za nyuma, imeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi, nyekundu iwe nyekundu kweli. OLED ni kitu tofauti: kila kidoti kinajiwakia chenyewe, hakuna taa nyuma, weusi wake ni weusi wa kuzimwa kabisa. Ni picha nzuri kuliko zote hapa duniani na ndiyo nisiyotaka uiweke saluni. Vidoti vyake huchakaa kwa kadiri vinavyowaka, na nembo ya chaneli ikikaa kona moja kutwa nzima, na ule mstari wa habari unaopita chini, vinaacha kivuli kisichotoka. Nunua LED ya kawaida, kinyozi. Wateja wako wanajitazama kwenye kioo kingine.

Shemeji yangu anauza TV iliyotoka Japani, safi kabisa, bei ya kutupa. – Duga

Soma nyuma. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake, ukiichomeka kwenye soketi yetu itatoa moshi kabla hujakaa. Inataka transfoma ya kushusha, nayo ihesabiwe kwenye hiyo bei ya kutupa. La pili, Japani wanarusha matangazo kwa mfumo wao wa ISDB-T, na sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo ukiichomeka antena moja kwa moja haitapata chochote. Kwa king'amuzi na waya wa HDMI itaonyesha vizuri tu. Menyu ina Kijapani, ila shemeji bila shaka anakifahamu.

Wengine wananiuliza kinyume chake: TV mpya zenye DVB-T2 ndani, je, king'amuzi kitupwe? Chaneli zisizofungwa utazipata bila king'amuzi. Zilizofungwa na kampuni hazifunguki, kwa sababu ndani ya TV hamna kadi yao. Tanga tulizimiwa analojia mwanzoni mwa 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na mpaka leo wapo wenye TV za chogo wanaoamini kilichoharibika ni antena.

Nataka ya smati, niangalie YouTube na mfululizo wangu kwa bando la simu. – Mwanachuo, Chumbageni

Piga hesabu ya bando kwanza. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD hula mpaka GB 3 kwa saa, na 4K mpaka GB 7. Mpangilio wa picha uweke chini, utaokoka.

Kuhusu usmati wenyewe, kuna mifumo inayopata masasisho: Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, VIDAA ya Hisense. Na kuna TV za bei ya chini zilizowekewa Android ya simu, haina kibali cha Google, kumbukumbu ndogo, na baada ya muda YouTube inagoma kufunguka. TV ya namna hiyo ukiikuta na kioo kizuri, inunue kwa ajili ya kioo, kisha uichomekee pembeni kijiti cha kurushia, kile kidude cha intaneti kinachoingia kwenye tundu la HDMI. Kijiti kikizeeka unakibadilisha, TV inabaki. Dukani omba waifungue YouTube mbele yako kwa intaneti ya simu yako, wala usikubali jibu la "hapa mtandao mbovu".

Nitajuaje ya bandia? – Mfanyabiashara, Korogwe

Herufi za jina zihesabu moja moja, usiharakishe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "About", ulinganishe modeli na namba ya mfululizo (serial number) iliyomo na zile za karatasi ya nyuma na za boksi. Tatu zisipofanana, ondoka. Boksi likiandikwa jina la kampuni kubwa na ndani menyu haina jina lolote, ondoka kwa mbio. Dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya TV, si "bidhaa mchanganyiko", maana bila hiyo waranti ni karatasi ya kufungia karanga. Ukishauziwa bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Bidhaa bandia ni kazi yao.

Bibi yangu hasikii TV mpya. Ile ya chogo alikuwa anaisikia mpaka jikoni. – Mjukuu, Chuda

Bibi masikio yake mazima. TV ya chogo ilikuwa na spika kubwa zimemtazama mtu usoni. TV bapa ina unene wa vidole viwili, spika zake ni ndogo na nyingi zinatazama chini au ukutani, sauti inamfikia ikiwa imeshagonga kabati.

Kama mnayo sabufa nyumbani, itumieni. TV ikiwa na tundu la HDMI lililoandikwa "ARC" na sabufa nayo ikawa nalo, waya mmoja unatosha, na rimoti moja inaongoza sauti. Sabufa ya zamani ya matundu mekundu na meupe tumia tundu la hedifoni la TV. TV isiyo nalo mara nyingi ina tundu la mwanga, linaloitwa "Optical", na kuna kiboksi kidogo cha kugeuza sauti hiyo iingie kwenye waya mwekundu na mweupe. Hapo wengi hukwama: wanaunga kila kitu na sauti haitoki. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV, ubadilishe iwe "PCM". Itatoka.

Besi ipunguze kabisa wakati wa taarifa ya habari, maneno hayako kwenye besi. Na spika moja isogezwe karibu na kiti cha bibi, badala ya kuiongeza TV sauti mpaka Chuda nzima wasikie bei mpya ya mafuta kabla hawajawasha za kwao.